Mtakatifu Ndani ya Wimbo Anafanya Nini?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu nyimbo zinazowataja watakatifu, ziwe za kanisani au za nje ya kanisa. Barua zimetufikia kutoka mitaa mingi ya Nairobi, nami nimechagua sita. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha, lakini hoja za waandishi nimeziacha zilivyo.

*

Kwa Mhariri, salamu nyingi. Mimi huimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia mojawapo huku kwetu. Kwaya yetu ina jina la Mtakatifu Sesilia, na kila tarehe 22 Novemba huwa tunamfanyia sherehe. Mwaka jana kijana anayetupigia kinanda aliuliza Sesilia mwenyewe alipiga ala gani, kwa kuwa katika picha yetu ya ukutani ameshika kinanda kidogo cha mabomba. Katekista alisema alikuwa mwimbaji, mwalimu wa kwaya akasema alikuwa mpiga kinanda, na mazoezi yakaishia hapo. Tafadhali tuamulie.
— Mwanakwaya, Kariobangi

Ndugu mwanakwaya, wote wawili wamekosea, ingawa kosa lao ni la heshima kwa sababu lina umri wa mamia ya miaka. Simulizi la kufia dini kwa Sesilia, ambalo liliandikwa katika karne ya 5, linaeleza kwamba siku alipoozwa kwa kijana aitwaye Valeriano, wakati ala zilipokuwa zikilia arusini, yeye alikuwa akimwimbia Bwana peke yake moyoni mwake. Basi huyu hakuwa mpiga ala, wala hakuna aliyeisikia sauti yake siku ile. Alikuwa bibi arusi aliyeipa kisogo ngoma ya arusi yake mwenyewe. Baadaye sentensi hiyo ilipofanywa kiitikio cha siku yake, maneno “moyoni mwake” yaliachwa, na neno la Kilatini lililomaanisha ala kwa jumla likaanza kueleweka kuwa ni kinanda cha kanisani. Kuanzia hapo wachoraji wakamkabidhi kinanda, nacho hakijamtoka mikononi hadi leo.

Mchoraji mmoja, hata hivyo, alilielewa simulizi vizuri kuliko wenzake. Katika picha ya Raffaello iliyoko Bologna, ya mwanzoni mwa karne ya 16, Sesilia amekishika kinanda kikielekea chini, mabomba yake yanachomoka, na ala nyingine zimelala miguuni pake zikiwa zimevunjika. Macho yake yako juu, ambako malaika wanaimba bila ala yoyote. Kama parokia yenu inafikiria kununua picha mpya, ningependekeza hiyo, ijapokuwa kijana wenu wa kinanda huenda asiifurahie sana.

Watunzi nao walimshika Sesilia kwa mikono miwili. Jijini London ilikuwa desturi kumtungia wimbo mpya kila siku yake ilipofika, na wa Henry Purcell wa mwaka 1692 ndio ninaourudia mara nyingi zaidi, maana ndani yake kila ala hupewa nafasi ya kujisifu kabla ya kukubali kwamba kinanda ndicho mkubwa wao. Purcell alifariki miaka mitatu baadaye, tarehe 21 Novemba, mkesha wa siku ya Sesilia. Händel alimtungia wake mwaka 1739. Benjamin Britten, aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 1913, aliona kama ana deni naye na akalilipa mwaka 1942 kwa utenzi wa sauti tupu, bila ala hata moja. Hapo Sesilia wa moyoni alirudishiwa haki yake. Katika muziki wa vijana wa mwaka 1970, Simon na Garfunkel walipomlilia msichana wa jina hilo anayewavunja moyo, wako wasikilizaji wanaosema kwamba anayelaumiwa hapo ni msimamizi wa muziki mwenyewe, ambaye leo humjia mtunzi na kesho humkimbia. Siwezi kuapa kwamba ndivyo, lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa na karatasi tupu usiku kucha ataelewa kwa nini wanasema hivyo.

Nikiruhusiwa kutoka nje ya swali kidogo, nadhani kwaya zetu zina deni kubwa zaidi kwa mtakatifu mwingine, naye ni Yohane Mbatizaji. Mnapojifunza wimbo mpya kwa solfa, do re mi fa so la, mnatamka vipande vya wimbo wake. Katika karne ya 11 mtawa Guido wa Arezzo alitafuta njia ya kuwafundisha waimbaji wake haraka, akachagua wimbo wa Kilatini wa sikukuu ya Yohane ambao kila mstari wake huanza ngazi moja juu ya ule uliotangulia, akachukua silabi ya kwanza ya kila mstari: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut ikaja kuwa do, na silabi ya saba, si, ikatokana na herufi za kwanza za jina la Yohane mtakatifu kwa Kilatini. Waingereza katika karne ya 19 waliibadilisha kuwa ti ili kila noti iwe na herufi yake ya kuandikia, na ndiyo maana karatasi zenu zimejaa d, r, m na nukta zake. Wimbo wenyewe ni ombi la waimbaji: wanamsihi Yohane aisafishe midomo yao ili waimbe kwa sauti huru. Aliyesoma Injili ya Luka atakumbuka kwamba ulimi wa Zakaria, baba yake Yohane, ulifungwa hadi mtoto huyo alipopewa jina. Waimbaji waliokauka koo walijua wamwendee nani. Siku yake ni tarehe 24 Juni, ikiwa kwaya yenu ina nafasi ya sherehe ya pili.

*

Mhariri, mjomba wangu alikuwa mpiga tarumbeta. Tulipomzika, wenzake wa bendi walipiga ule wimbo wa Marekani wa watakatifu wanaoandamana kuingia, na watu wengine wakaanza kuyumbayumba. Mzee mmoja wa kanisa alinung'unika akisema kwamba sisi si watu wa kuomba watakatifu na tena kaburini hapachezwi. Je, alikuwa na haki?
— Mpwa wa marehemu, Kawangware

Pole kwa msiba, na pole pia kwa kunung'unikiwa siku kama hiyo. Kuhusu watakatifu, mzee alikosea. Kuhusu kucheza, ana wenzake wengi, tena wa zamani.

Sehemu ya tatizo ni lugha yetu. Kiswahili kinatumia neno moja pale tunapoimba “Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu” tukimaanisha Mungu mwenyewe, pale tunapomtaja Mtakatifu Petro wa kwenye kalenda, na pale Paulo anapowaandikia Wakristo wa Roma kwamba wameitwa kuwa watakatifu, ilhali wengi wao walikuwa wakingali hai, wakigombana na kudaiana kama sisi. Wimbo ule ulizaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi, wengi wao Wabaptisti na Wamethodisti wasio na desturi ya kuomba kwa watakatifu, na watakatifu wake ni wa namna hiyo ya tatu: umati wote wa waliokombolewa ukiingia siku ya mwisho. Mwimbaji haombi chochote kwa mtakatifu yeyote. Anaomba tu awe ndani ya hesabu, asiachwe nje ya mlango. Sioni mzee wa kanisa lolote anayeweza kulipinga ombi hilo.

Kule New Orleans desturi ya bendi ni kwamba njiani kuelekea makaburini hupigwa nyimbo za polepole, na baada ya mwili kuagwa ndipo tarumbeta huchangamka na watu wakarudi wakicheza. Louis Armstrong aliurekodi wimbo huo kwa mtindo wa jazi mwaka 1938, na yeye mwenyewe alieleza kwamba dada yake hakupendezwa, kwa kuona kuwa wimbo wa kanisani ulikuwa umefanywa wa dansi. Kwa hiyo mnong'ono wa mzee wenu una historia, na ningemshauri asikilize mdundo kabla ya maneno: bendi ya mjomba ilipiga wakati wa kwenda au wakati wa kurudi?

Swali lako limenikumbusha onyo ambalo wapenzi wa jazi wanalihitaji. Si kila wimbo wenye jina la mtakatifu unamhusu mtakatifu. Bluzi ya St. Louis ya W. C. Handy, iliyochapishwa mwaka 1914, ni kilio cha mwanamke aliyenyang'anywa mpenzi katika mji wa St. Louis, mji ulioitwa kwa jina la Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa, ambaye alifia Tunis mwaka 1270 na hakujua lolote kuhusu mapenzi ya huko Missouri. Sonny Rollins aliporekodi “St. Thomas” mwaka 1956 hakuwa akimwaza Tomaso mwenye shaka, bali kisiwa cha Karibi na nyimbo alizozisikia kwa mama yake, ambaye asili yake ilikuwa visiwa hivyo. Na kundi la Metallica lilipoipa albamu yake ya mwaka 2003 jina la mtakatifu aitwaye Hasira, lilimtaja mtu asiyekuwamo katika kalenda ya kanisa lolote.

Petro ndiye anayetumiwa zaidi, na kazi yake ni moja tu: bawabu. Katika muziki wa kantri, ambao wazee wetu wa Mlima Kenya huwezi kuwatenga nao, kuna “Sixteen Tons”, uliorekodiwa na Merle Travis mwaka 1946 na kuvuma mno kwa sauti ya Tennessee Ernie Ford mwaka 1955. Mchimba makaa anamwambia Petro asimwite, kwa sababu hawezi kwenda. Roho yake iko rehani katika duka la kampuni. Mtu anayedaiwa hadi kifo kinamkataa! Wakazi wa Nairobi wenye jina lao katika daftari la mwenye duka hawahitaji tafsiri.

Lakini jazi hiyo hiyo imewahi kupiga magoti kwelikweli. Martini wa Porres, bradha wa Kidominiko wa Lima aliyezaliwa mwaka 1579 na mama mweusi aliyekuwa ameachiwa huru utumwani, alitangazwa mtakatifu mwezi wa Mei 1962, na Mary Lou Williams, mpiga piano aliyeingia Ukatoliki mwaka 1957, akamtungia utenzi wa kwaya ambao husogea taratibu kama watu wanaotembea gizani wakishikana mikono. Huo ndio wimbo ambao ningeuomba kwenye mazishi yangu. John Coltrane naye alivuka mpaka kutoka upande wa pili: kanisa moja la San Francisco linamheshimu yeye mwenyewe kuwa mtakatifu na kupiga muziki wake katika ibada, na mwaka 1982 lilipokewa katika Kanisa la Orthodoksi la Kiafrika. Jina la kanisa hilo si geni hapa kwetu, kwa sababu askofu wake mkuu kutoka Afrika Kusini, Daniel William Alexander, ndiye aliyekuja Kenya mwaka 1935 kwa mwaliko wa shule huru za Wakikuyu.

*

Mimi ni mkusanyaji wa sahani za santuri. Katika nyimbo za zamani za Kuba ninasikia Santa Barbara akitajwa na mara hiyo hiyo jina Changó. Ni mtu mmoja au wawili?
— Mpenzi wa rumba, Umoja

Ni wawili katika vazi moja. Wayoruba waliopelekwa Kuba utumwani walikatazwa miungu yao, nao wakaiweka chini ya majina ya watakatifu wa Kikatoliki. Changó, bwana wa radi, alipewa jina la Barbara, kwa sababu inasimuliwa kwamba baba aliyemuua Barbara alipigwa na radi na tangu hapo bikira huyo huombwa wakati wa dhoruba. Celina González na mumewe Reutilio walimwimbia hivyo mwishoni mwa miaka ya 1940 na wimbo ukaenea kote Kuba. Sahani za Kuba zilikuwa zimekwisha kufika Kongo tangu miaka ya 1930, zikachochea rumba ambayo baadaye ilihamia hata kwenye kumbi za Nairobi, ila watakatifu wenyewe walishuka njiani. Gitaa na mdundo vilifika, Barbara hakufika. Jorge Ben wa Brazili alifanya jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1975 kwa wimbo wa Joji wa Kapadokia, ambaye huko Rio huunganishwa na Ogum, bwana wa chuma.

*

Assalamu alaykum. Naona safu yenu itajaa makanisa matupu. Sisi tunaosoma maulidi je? Au mawalii hawahesabiwi?
— Msomaji wa Pumwani

Waalaykumu ssalamu. Wanahesabiwa, na shukrani kwa kunizindua. Niseme kwanza kwamba walii si sawasawa na mtakatifu wa Kikatoliki: hakuna ofisi inayomtangaza, na wapo wanazuoni wanaozikataa kabisa nyimbo na ziara za namna hii, mjadala ambao sina elimu ya kuuingilia. Ninachoweza kukieleza ni muziki. Lamu, kila Mfungo Sita, Maulidi huwakusanya watu kutoka pwani nzima na ng'ambo, matari hupigwa, zefe hupita mitaani, na pamoja na Mtume mwenyewe hukumbukwa Habib Swaleh, aliyeuasisi Msikiti wa Riyadha. Anayesifiwa katika kisomo ni Mtume. Habib hukumbukwa kwa ziara ya kaburi lake na kwa dua. Tofauti hiyo wenyewe wanaijua vizuri, na wageni huikosea.

Kwa Wahindi na Wapakistani ni kawali, nyimbo za ibada za Kisufi. Amir Khusrau, mshairi wa Delhi, alikuwa mwanafunzi wa Nizamuddin Auliya, na wote wawili walifariki mwaka 1325. Hadi leo mashairi yake huimbwa penye kaburi la shehe wake, jioni ya Alhamisi hasa. Wimbo wa kumsifu Lal Shahbaz Qalandar wa Sindh, ambao Nusrat Fateh Ali Khan aliupeleka duniani kote, nimewahi kuusikia ukitoka kwenye gari lililokwama katika msongamano wa Ngara, na hakuna aliyepiga honi kwa dakika kadhaa.

Na ukitaka Mwafrika, msikilize Youssou N'Dour. Albamu yake “Egypt” ya mwaka 2004, aliyoipiga pamoja na wanamuziki wa Kairo, inawasifu masheikh wa Senegali, akiwamo Ahmadou Bamba, ambaye Wafaransa walimhamishia Gabon mwaka 1895 na kumrudisha mwaka 1902. Nyumbani iliwakera baadhi ya watu, walioona kwamba mwanamuziki wa dansi hana ruhusa ya kuwagusa mawalii. Mwaka 2005 ilipata tuzo ya Grammy, na manung'uniko yakapungua. Kama unaona hapo sura ya yule mzee wa Kawangware na dada yake Armstrong, nami naiona.

*

Kwa nini watakatifu wa nyimbo zetu wote ni Wazungu?
— Mwanafunzi, Kahawa

Si wote, ila wale wetu huimbwa kwa sauti ndogo. Augustino alikuwa mtu wa Afrika Kaskazini, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Bob Dylan alimwota katika wimbo wa mwaka 1967 na humo akamfanya mtu aliyeuawa, ingawa Augustino halisi alifariki kitandani mwaka 430, mji wake ukiwa umezingirwa na maadui.

Karibu zaidi nasi ni Yared wa Aksum, wa karne ya 6, ambaye Waorthodoksi wa Ethiopia humwona kuwa baba wa uimbaji wao wote na wa tuni zake tatu, Ge'ez, Ezel na Araray. Husimuliwa kwamba alikuwa mwanafunzi aliyeshindwa masomo, akatoroka, akaketi chini ya mti na kumtazama kiwavi akipanda na kuanguka mara kwa mara hadi akafika juu, kisha akarudi shuleni. Husimuliwa pia kwamba siku moja aliimba mbele ya Mfalme Gebre Meskel na mfalme akaegemea mkuki wake, ncha ikamchoma Yared mguuni, damu ikatoka, na hakuna kati yao aliyegundua mpaka wimbo ulipokwisha.

Na wa karibu kupita wote ni wa Uganda. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Waanglikana waliuawa kwa moto karibu na Mengo, na kumbukumbu za wamisionari zasimulia kwamba walikwenda wakiimba wimbo wa kumsifu Mungu kila siku, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa nyimbo za kwanza zilikuwa zimefika Buganda kwa lugha ya pwani. Mashahidi 22 Wakatoliki walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na mwaka huo huo Joseph Kyagambiddwa akatoa oratorio, yaani utungo mrefu wa kwaya unaosimulia habari za dini, ya kuwasifu, iliyojengwa juu ya tuni za Kiganda. Kwaya za Nairobi zinazosafiri kwenda Namugongo kila Juni zingefanya vyema kuitafuta.

*

Mhariri, mwanangu anaitwa Wenseslaus, jina la babu yake. Shuleni wanamcheka. Je, somo wake ana wimbo wowote?
— Mama Wense, Dagoretti

Mama Wense, nimefurahi kwamba umeandika “somo”. Wengi wetu Nairobi husema msimamizi, kana kwamba mtakatifu ni meneja wa kiwanda, wakati somo ni mwenye jina lako, mtu wa siri zako. Naam, wimbo anao, na kila kwaya inayoimba nyimbo za Krismasi za Kiingereza inaujua: ule wa mfalme mwema anayemwona maskini akiokota kuni katika theluji, akatoka na mtumishi wake kumpelekea nyama, divai na kuni. Maneno yalitolewa na kasisi Mwingereza John Mason Neale mwaka 1853. Tuni ilikuwa ya wimbo wa majira ya maua, imo katika kitabu cha mwaka 1582. Wenseslaus wa kweli alikuwa mtawala wa Bohemia, katika nchi ya leo ya Cheki, na aliuawa katika karne ya 10 kwa njama ya ndugu yake.

Mfundishe mwanao ubeti wa mwisho, ambapo mtumishi anakanyaga nyayo za bwana wake na kukuta zina joto, halafu aone kama watamcheka. Jihadhari na jambo moja tu. Siku inayotajwa katika wimbo ni ya Stefano, tarehe 26 Desemba. Siku yake yeye ni tarehe 28 Septemba. Akiwapo Stefano darasani, naye atadai wimbo ni wake.